Usiachilie Mpaka Nikwambie

Haya sikusimuliwa barabarani. Yalimpata kaka yangu, tumbo moja, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu haya. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hatapata nafasi.

Kaka alikuwa fundi wa mtandao kwenye kampuni ya kuuza rangi za nyumba, yenye matawi kila upande. Kazi yake ilikuwa kukaa makao makuu mbele ya kompyuta na kuziangalia ruta, vile visanduku vidogo vyenye taa, kimoja kila tawi. Kila tawi lilikuwa doa kwenye kioo chake. Doa likiwa la kijani, tawi linauza. Likiwa jekundu, risiti hazitoki, wateja wanasonya, na bosi anashuka ngazi kuja kusimama nyuma ya kiti cha kaka, akikohoa. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Kile kilikuwa kikohozi cha kukukumbusha kwamba yupo.

Ruta ikigoma kabisa, kaka alimpigia mtu wa tawini amsaidie kuifuta na kuianzisha upya. Unachukua kibanio cha karatasi, unakinyoosha, unakichomeka kwenye kitundu cha nyuma, unabonyeza na kushikilia. Sasa sikia ubahili wa bosi. Aling'oa simu za kawaida matawini, akaweka zinazopita kwenye ruta hiyohiyo, na za mkononi akazipiga marufuku saa za kazi. Kwa hiyo ruta ikizima, na mazungumzo yanakatika hapohapo. Kaka alishazoea. Kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Simu ikikatika, ujue imekubali. Achilia."

Siku moja hakuyasema.

Tawi lililozima siku hiyo lilikuwa la dada mmoja mtunza fedha ambaye wenzake walimwita Bi Ndiyo, kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu. Bosi alikuwa nyuma ya kiti, anakohoa, anamharakisha kaka waende kikaoni. Kaka akasema kwenye simu, "Bonyeza, shikilia. Usiachilie mpaka nikwambie." Bi Ndiyo akajibu, "Ndiyo, kaka." Simu ikakatika. Bosi akamshika kaka bega: "Itarudi yenyewe hiyo, twende." Kaka akaenda, akanywa chai ya bosi, akasikiliza hotuba ndefu ya kubana matumizi.

Huku nyuma stoo ya tawi lile, humohumo ilimokuwa ruta, ikashika moto. Nyaya chakavu, mapipa ya mafuta ya kuchanganyia rangi, ulitegemea nini? Wenzake Bi Ndiyo walitoka mbio huku wakimwita. Wanasema aligeuza kichwa tu, akawajibu, "Sijaambiwa." Walidhani anatania. Walipogeuka kumtazama tena, mlango ulikuwa umejaa moshi.

Kampuni ilitoa taarifa kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Uzembe! Mwanamke aliyeuawa na utii wake, wanamwita mzembe. Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nyongo inanipanda. Ruta yenyewe ilikutwa chini ya kifua chake, nzima. Bosi akaipuliza majivu na kusema, "Hii bado inafaa. Ifutwe, ipangiwe tawi jingine." Kaka akaifungia kwenye droo yake na kuapa kwamba haitatoka humo akiwa hai.

Basi zikaanza simu. Kila alipoanzisha upya ruta ya tawi lolote, kabla mazungumzo hayajakatika, aliisikia sauti nyingine chini ya ile anayoongea nayo. Ya chini sana. "Kaka, niachilie?" Akifungua mdomo ajibu, simu imeshakatika.

Alinisimulia sebuleni kwake, shemeji akiwa jikoni. Kaka ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo midomo ilikuwa imemkauka.

"Unajua kinachonimaliza ni nini?" aliniambia. "Hanilaumu. Anauliza kwa adabu."

Kukosa usingizi kukamlaza kitandani. Aliporudi kazini mimi ndiye niliyempeleka na pikipiki yangu, maana miguu ilikuwa haijapata nguvu. Nikapanda naye mpaka ofisini kumbebea mfuko wake. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri, watu wanasalimiana, mfagizi anaimba kwenye korido.

Droo ilikuwa imevunjwa. Haikuwa na kitu.

"Nimeipeleka kazini," bosi alisema kutoka mlangoni. "Wewe unaugulia nyumbani, ruta nayo ilale? Una mahaba na kisanduku?"

"Umeipeleka tawi gani?" kaka aliuliza.

Bosi akalitaja. Lilikuwa tawi la shemeji. Mke wa kaka yangu, mama wa watoto wake, alikuwa akiuza rangi pale.

Tukatazama kioo. Doa la tawi lile lilikuwa jekundu.

Kaka akanyakua simu, akapiga. Nilikuwa karibu, nikasikia mlio. Simu ya tawi ilikuwa inatumika. Akakata, akapiga tena. Inatumika. Akanigeukia, macho yamemtoka pima.

"Ruta imezima," alininong'oneza. "Simu zao zinapita humohumo. Sasa anaongea na nani?"

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka bosi akipiga kelele kwamba anayetoka asirudi, na kaka akinibana kiuno kwenye pikipiki mpaka pumzi zikanipungua. Njia nzima alirudia jambo moja: "Mke wangu, Mungu wangu, mke wangu." Nilivuka taa nyekundu. Nilitukanwa. Sikujali.

Tawini wateja walikuwa wamepanga foleni, wananung'unika. Muuzaji mwenzake akatuelekeza stoo kwa kidole. "Yuko huko na simu yako, shemeji," alimwambia kaka. "Tangu tulipofungua. Tunamwita hajibu."

"Simu yangu mimi?"

"Si ulimpigia wewe?"

Stoo ilikuwa na dirisha dogo na mwanga wa kutosha. Makopo yamepangwa hadi darini. Shemeji alikuwa juu ya kigoda, ametupa mgongo, uso ukutani. Simu ameibana kwa bega. Mkono wa kulia umeshika kibanio, kibanio kimezama nyuma ya ruta.

Waya wa umeme wa ruta ulikuwa umening'inia. Haukuchomekwa popote. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Kulikuwa na joto. Halafu nikasikia harufu. Mafuta ya rangi yanayoanza kupata moto. Kopo moja likalia, *tik*. Likafuata jingine.

"Mke wangu," kaka alisema taratibu. "Achilia."

Hakugeuka. "Umeniambia nisiachilie."

"Sijakwambia. Niko hapa. Nitazame."

"Mpaka sasa unaniambia," shemeji alinong'ona. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. "Sikiliza mwenyewe."

Nikasogeza sikio kwenye simu. Afadhali nisingesogeza. Ilikuwa sauti ya kaka. Kaka aliyesimama kando yangu, mdomo umefumba. *Usiachilie mpaka nikwambie. Usiachilie mpaka nikwambie.* Na nyuma ya sauti hiyo, mtu anakohoa kikavu.

Nikaushika mkono wa shemeji nikauvuta. Haukutikisika. Kaka akavuta pamoja nami. Wanaume wawili, mkono mmoja wa mwanamke. Haukutikisika. Kopo likapasuka kule nyuma. Moshi mwembamba ukaanza kutambaa sakafuni.

Kaka akaacha kuvuta. Akaichukua simu begani kwa mkewe, akaiweka mdomoni.

"Bi Ndiyo," alisema. "Dada yangu. Ni mimi."

Sauti ikanyamaza. Kisha nikaisikia ile nyingine, ya chini, ya adabu, kama alivyonisimulia.

"Ulikuwa wapi, kaka?"

Kaka akaishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema lolote.

"Nilikuwa kikaoni," alisema. "Nilikusahau. Nilikuwa nakunywa chai." Akaanza kulia kwa sauti, kama mtoto. "Achilia, dada. Nimekwambia sasa. Achilia."

Taa za ruta zikazima zote pamoja. Mkono wa shemeji ukachomoka, akatuangukia. Tukamburuta hadi nje tukiwapigia wateja kelele watoke, na hatukufika barabarani stoo ikalipuka. Hakufa mtu. Kampuni ikatoa taarifa nyingine: chanzo ni uzembe wa fundi aliyetoroka kazini. Kaka akafukuzwa. Bosi yuko palepale, na matawi yameongezeka.

Nilidhani ni Bi Ndiyo aliyemng'ang'ania shemeji. Nilimchukia marehemu wa watu, Mungu anisamehe. Mpaka shemeji alipopandisha mkono wa gauni lake akanionyesha. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama za vidole, za masizi. Zilikuwa zimemshika kwa nyuma, namna unavyomshika mtu unapomvuta atoke mahali.

"Yeye alikuwa ananivuta," shemeji aliniambia polepole, kaka asisikie. "Alikuwa akivuta huku analia. Iliyonishikilia ilikuwa sauti ya mume wangu."

Alama zile zilitoka kwa sabuni na maji. Tukashukuru, tukaona yamekwisha.

Juzi kaka alikuwa anapigilia rafu ya vyombo jikoni kwake. Akamwambia mkewe, "Nishikie hapa, usiachilie." Ni maneno ya kawaida tu, yeyote angeyasema. Misumari ikamwishia, akatoka kununua mingine, njiani akakutana na mimi tukapiga soga. Tuliporudi pamoja tulimkuta shemeji amesimama palepale, mikono juu, mabega yanatetemeka, haongei. Kaka akapiga yowe: "Achilia! Achilia, mke wangu!"

Jiko halikuwa limewashwa tangu asubuhi. Shemeji aliposhusha mikono, kifundoni kulikuwa na alama zilezile za vidole, nyeusi kwa masizi, na nilipoyagusa yalikuwa bado ya moto.