Namba ya Baba Mkwe

"Sesi, hebu mwoneshe tena hiyo viza kwenye simu."

"Nimemwonesha mara ya tatu, Godi. Anasema hii ni ya Uingereza tu."

"Kwani Ireland si ndiyo Uingereza hiyohiyo?"

Dada wa kaunta ya ndege akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama muuguzi anayekuja na majibu mabaya. Kumbe siyo hiyohiyo. Godlisten, Elinaja na Blandina walikuwa na pasipoti za Uingereza, wao walipita. Sesilia alikuwa na pasipoti ya Tanzania, na mwenye pasipoti ya Tanzania anatakiwa awe na viza ya Ireland hata kama ameishi London miaka mingapi.

Wiki nzima walikuwa wamezunguka Wales na Scotland wakipiga picha kwenye kila mlima, na hakuna mahali walipoulizwa hata kitambulisho. Sasa ilikuwa zamu ya Ireland. Watu wazima wanne, simu nne za bei mbaya, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuuliza.

"Basi tusiende," alisema Elinaja. "Tutamwachaje mwenzetu hapa peke yake?"

"Tiketi hazirudishwi jamani," Blandina akalalamika.

Sesilia hakumtazama Elinaja wala Blandina. Alimtazama Godlisten. Alitaka neno moja tu kutoka kwake.

"Dada Sesilia si mtoto," alisema Godlisten huku akicheka. "Treni ya kurudi Barking anaijua. Au siyo, dada?"

"Nendeni tu," alijibu Sesilia.

Mwanamke akisema "nendeni tu" kwa sauti ile, mwanamume mwenye akili haendi. Godlisten akakamata begi lake akaenda. Elinaja ndiye aliyegeuka nyuma mara mbili, kama mtu mwenye jambo ambalo hakujua aliseme vipi.

Niwaambie mapema, huyo aliyemwita dada alikuwa mpenzi wake wa miaka minne. Godlisten alikuwa mwalimu wa kwaya ya ushirika wa Watanzania pale Barking, London, na Sesilia alikuwa sauti ya kwanza. "Watu wakijua watasema, Sesi. Ngoja nijipange," ndiyo ilikuwa lugha yake. Basi mbele za watu akawa dada Sesilia, na walipokuwa wawili akawa Sesi wangu. Walificha vizuri mno. Hata huko Scotland, kwenye chakula, Godlisten alikuwa akimshika mkono chini ya meza tu.

Sesilia alirudi Barking akiburuza begi. Alikuwa hajavua hata viatu simu ikaita. Shangazi yake, kutoka nyumbani Korogwe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekaa? Kama umesimama, kaa."

"Kuna msiba?"

"Msiba wa nini! Jana wamekuja wazee wawili kutoka Same, na kreti za soda na heshima zao zote. Wamekuja kuposa. Wanakutaka wewe."

"Nani amewatuma?"

"Kijana wao yuko hukohuko London. Elinaja. Wanasema mnaimba wote."

Sesilia akakaa juu ya begi.

"Sesi? Uko hewani?"

"Nipo."

"Sikiliza. Baba yako amewaambia warudi Jumapili baada ya ibada, awape jibu. Mimi nakuuliza kama mwanamke mwenzangu. Una mtu?"

Miaka minne alikuwa akijibu "sina" kila alipoulizwa swali hilo. Safari hii akasema kweli.

"Ninaye, shangazi."

"Ehee! Yuko wapi? Mbona hatujawahi kumsikia? Basi na yeye atume mtu. Hata mjomba wake mmoja apige simu tu, abishe hodi. Baba yako hataki kusikia jina, anataka kusikia watu. Kabla ya Jumapili, mwanangu. Nimemaliza."

Jumamosi asubuhi alimpigia Godlisten mpaka kidole kikachoka. Akatuma ujumbe: *Godi nipigie. Ni la maisha yangu.* Ukasomwa. Ukakaa. Muda si mrefu Blandina akaweka picha: Godlisten juu ya majabali ya magharibi ya Ireland, mikono ameitanua, bahari chini yake, meno yote nje.

Serah, Mkenya aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alichungulia ile picha huku akinywa chai.

"Aki Sesi, huyu jamaa anakupima akili. Ako na network ya kupost na hana ya kukupigia?"

"Siyo yeye aliyepost. Ni Blandina."

"Haya basi. Mtetee."

Alipompigia Blandina ndipo akampata. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu kama mtu anachana turubai.

"Mpe Godi. Haraka, tafadhali."

"Mwalimu! Dada Sesilia huyu hapa!"

"Halo, dada. Vipi London?"

"Sogea pembeni, Godi. Nimesema sogea."

Akasikia miguu ikikanyaga kokoto.

"Haya, nimesogea. Nini tena, Sesi? Watu wataanza kujiuliza."

"Wazee wameenda kwa baba yangu kuniposa."

"Wazee wa nani?"

"Wa Elinaja."

Upepo tu. Sesilia alingoja mshangao, akangoja na hasira kidogo, kama mwanamume anavyotakiwa kushtuka.

"Wamefika mapema hivyo?" alisema Godlisten.

Sesilia alilisikia lile "mapema", lakini mtu anayezama hachagui cha kusikiliza. Akaendelea.

"Jumapili baba anajibu. Mpigie mjomba wako Dar leo. Aongee na baba dakika mbili tu, aseme kuna kijana wetu naye anabisha hodi. Basi. Namba ya baba unayo, nilikupa Pasaka ya mwaka juzi."

"Sesi, mambo hayaendi hivyo. Mjomba atashtuka. Mama ndiyo usiseme, anajua nitaoa kwetu Machame."

"Miaka minne, Godi."

"Najua. Lakini fikiria na mimi. Niko gari moja na Elinaja, chumba kimoja na Elinaja. Nianzie wapi? Wewe mwambie baba hujawa tayari. Nikirudi tutaongea."

"Nikimwambia siko tayari, atauliza namngoja nani. Nimwambie nani?"

"Tutaongea, Sesi. Wananiita tuondoke. Usilie bwana, unajua nakupenda."

Simu ikakatika. Sesilia akaingiwa na wazo la kipumbavu la kupanda treni mpaka pwani, apande meli, aende akasimame mbele yake. Kisha akakumbuka viza. Hata kwenda kupigania mtu wake alikuwa haruhusiwi. Alikaa kitandani akiangalia picha zinavyoongezeka: gari dogo la kukodi, kondoo barabarani, Elinaja kwenye usukani, Godlisten pembeni yake na miwani ya jua. Mposaji na mpenzi, bega kwa bega, na yeye yuko Barking na simu mkononi.

Jioni simu ikaita. Elinaja.

"Dada Sesilia, habari ya huko. Pole na jana."

"Nimeshapoa. Uko wapi?"

"Nimeshuka kuweka mafuta. Wenzangu wamo dukani." Akakohoa. "Nasikia wazee wamefika kwenu. Nisamehe. Nilitaka nikwambie mwenyewe, tukifika Dublin, nikiwa nimesimama mbele yako. Ndiyo maana jana pale kaunta niliishiwa maneno. Na wazee walikuwa wameshafika."

"Kwa nini hukuniuliza kwanza, Elinaja?"

"Niliogopa nikikuuliza vibaya nitakuvunjia heshima. Ndugu zako hawako hapa. Nikaona wa kumuuliza ni mwalimu wa kwaya, yeye mnaheshimiana, kila siku dada, kaka. Tulipokuwa Edinburgh nikamwita pembeni. Nikamuuliza kama kuna mtu."

Sesilia akasimama bila kujijua.

"Akasema nini?"

"Akasema hakuna. Akasema dada Sesilia ni binti mtulivu na nitakuwa na bahati. Halafu akanipa namba ya baba yako. Sikujua hata kama anayo. Ndiyo wazee wangu wakaitumia."

Ile namba. Aliiandika mwenyewe kwenye simu ya Godlisten, akaiita *Baba Mkwe*, wakacheka wote wawili. Godlisten hakuwahi kuipiga hata siku moja. Na siku alipoitumia, aliitoa kwa mwanamume mwingine.

"Dada? Nimekuudhi?"

"Elinaja, Godlisten ni mpenzi wangu. Huu mwaka wa nne."

Alisikia gari jingine likipita. Kisha akasikia mtu mwema akivuta pumzi ndefu.

"Godlisten huyu?"

"Huyohuyo."

"Na alinitazama usoni akanipa namba."

"Nisamehe. Na mimi nilificha. Nilikubali kuitwa dada, nikaitikia."

"Wewe huna la kuomba msamaha. Nitawapigia wazee wangu leo, waende kesho wakaage kwa adabu. Sitaki mke anayelia kwa ajili ya mtu mwingine." Sauti ikamkauka. "Ila ningekutunza, Sesilia. Hilo ujue tu."

"Usigombane naye, nakuomba. Uko nchi ya watu."

"Simgusi. Ila safari bado ndefu, na ndani ya gari ataongea."

Sijui waliongea nini ndani ya lile gari, na Blandina, ambaye siku zote ana maneno ya ziada, mpaka leo hataki kusimulia. Ninachojua ni ujumbe uliomfikia Sesilia kabla giza halijaingia, maana majira ya joto London jua linachelewa kutua:

*Umeniaibisha mbele ya wanakwaya wangu. Nilikuwa najipanga. Ungesubiri tu.*

Kisha mwingine:

*Nilimpa namba kwa sababu nilijua utamkataa. Nilitaka akusikie mwenyewe.*

Kisha mwingine:

*Sesi jibu basi.*

"Unaonaje hii," Serah akasema akisoma begani kwake. "Alikuweka kwa soko kuona kama utanunuliwa. Block huyo mtu."

"Siwezi, Serah."

"Huwezi ama hutaki?"

"Nampenda. Nifanyeje? Nimejaribu kumchukia tangu saa ile, haiji."

Serah akainuka. Akaweka maji ya chai mengine.

Jumapili Sesilia hakwenda kanisani. Angeimbaje. Alivaa gauni lake la ibada hata hivyo, akakaa mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, mpaka sura ya baba yake ikatokea, na ukuta wa kijani wa sebule ya Korogwe nyuma yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni kamera tu, baba."

"Hm. Wale wazee wa Same wamekuja, wameaga vizuri. Wamesema kijana wao ameona asikuzuie. Watu wastaarabu, nimewaheshimu. Lakini kuna jambo lingine sijalielewa. Kuna kijana ananipigia tangu asubuhi, mwenyewe, bila mzee, bila mtu. Anasema ni mkwe wangu. Nimemwelekeza kwenye simu ya shangazi yako, yuko hewani hivi sasa."

Shangazi akaingia kwenye picha akiwa ameinua simu yake kama taa. Na sauti ya Godlisten ikatoka, ndogo, imechakaa, kutoka Ireland mpaka Korogwe, kisha Korogwe mpaka Barking.

"Baba, shikamoo tena. Mimi Godlisten. Nimekosea utaratibu, najua. Mjomba wangu atakupigia leo hii, nimeshamwambia, na mama nimeshamwambia. Nampenda Sesilia, baba. Nataka kumuoa. Wote hapa wamesikia, nimesema mbele yao."

Ndiyo maneno aliyokuwa akiyaomba miaka minne. Mengine alikuwa ameyatunga mwenyewe kichwani, kwenye treni za kwenda shifti, na yalikuja vilevile, hata lile la mama. Moyo wake uliruka. Siwezi kudanganya, uliruka. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Sesilia," baba yake akamuuliza. "Unamjua huyu?"

"Namjua, baba."

"Ni mtu wako?"

"Ndiyo. Ninampenda."

Kule kwenye simu ya shangazi Godlisten akashusha pumzi ambayo wote waliisikia. Shangazi akaanza kutabasamu.

"Basi nimwambie mjomba wake apige?"

"Hapana, baba. Msimpokee."

Tabasamu la shangazi likafutika. Baba akasogeza uso karibu na kioo.

"Unampenda, halafu nisimpokee?"

"Namba yako nilimpa yeye akupigie. Yeye akampa mwenzake aje aniombe. Nikiwa mke wake, siku nyingine akiogopa watu atanitoa tena."

"Sesi! Sesi, nisikilize..." ile sauti ndogo ikaanza.

Mzee akainua kiganja, kana kwamba kijana yule aliweza kukiona.

"Kijana, umemsikia mwenyewe. Nakushukuru kwa kupiga."

Shangazi akabonyeza simu yake, na sauti ya Godlisten ikakatika. Sesilia alitaka kusema tena, aseme hapana, mrudisheni hewani, nimetania. Neno lilifika kwenye meno. Akalibana hapohapo, na machozi yakamtoka mbele ya baba yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu akiwa msichana mdogo. Baba yake alibaki palepale mbele ya kioo. Hakukata simu.