Barafu Achagua Pa Kuishi

Sebuleni kwao hapakukosa jokofu lililofunguliwa. Binti wa nyumba ile alikuwa fundi wa majokofu, na wateja walimbandika jina la Barafu. Baba alishazoea kuruka nyaya akitafuta kiti chake.

Ukutani lilining'inia koti zito la baridi. Mama alilinunua siku mjomba alipopiga simu kutoka mji mkubwa wa ng'ambo na kusema, "Mleteni huku, atatoka kimaisha." Kila mgeni alilipapasa. Safari ilishapangwa. Aliyekuwa hajaulizwa ni Barafu mwenyewe.

"Huko nitafanya kazi gani?" aliuliza akikaza skrubu.

"Kwani huko kazi zinakosekana?" Mama akajibu.

Barafu akaenda kwa jirani, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi nchi mbili za mbali.

"Ya kwanza nilifuata sifa tu," muuguzi alisema. "Cheti changu hakikutambuliwa. Nikaishia kufagia wodi. Ya pili niliuliza kwanza. Kazi yangu inahitajika? Cheti kinakubalika? Mkataba nitausoma kabla ya kuondoka? Pasipoti nitakaa nayo mwenyewe? Nilipopata majibu, ndipo nikafunga mizigo."

"Na mjomba je?"

"Muulize. Ni damu yako, hatakung'ata."

Barafu akampigia mjomba simu ya video, wazazi wakiwa pembeni. Mjomba alikuwa seremala hodari. Milango yote ya nyumba ile aliitengeneza yeye.

"Mjomba, nionyeshe karakana yako."

Mjomba akakohoa. Akazungumzia mvua. Barafu akamng'ang'ania. Mwishowe mjomba akageuza simu, wakaona kiti na geti refu.

"Nalinda hapa," alisema. "Vyeti vyetu vya ufundi hawavitambui. Randa sijaishika tangu nije."

"Na mimi ungeniweka wapi?"

"Jikoni, kuosha vyombo. Kwa kuanzia."

"Wewe bado unaanzia, mjomba?"

"Mkubwa wako huyo!" Baba akafoka.

"Namheshimu, Baba. Lakini siendi. Sikujifunza ufundi ili nikautupe uwanja wa ndege."

Nyumba ikachafuka. Baba alimwita mkaidi. Mama alinuna wiki nzima. Barafu aliumia, lakini hakurudi nyuma. Aliwauliza wenzake aliosoma nao, akapiga simu huku na kule, hadi akapata mji mdogo wa bandari katika nchi jirani. Huko samaki walikuwa wakioza kwa kukosa mafundi wa vyumba vya baridi. Cheti chake kilikubalika. Mkataba aliusoma na muuguzi neno kwa neno, kisha akausaini.

"Mji gani huo, hata jina halitamkiki?" Mama alilalamika.

"Nitakufundisha kulitamka."

Siku ya safari Barafu alitungua koti ukutani, akalitia begini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Miezi ikapita. Siku moja akapiga simu ya video. Alikuwa amesimama katikati ya makreti ya samaki walioganda, pumzi ikimtoka kama moshi, na koti la Mama amelifunga hadi kidevuni. Sasa alikuwa mkuu wa mafundi. Baba akaita majirani waje waone. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

Kisha Mama akautazama mlango aliotengeneza kaka yake.

"Mwanangu, huko maseremala wanahitajika? Na vyeti vyao vinakubalika?"

"Nimeshauliza, Mama," alisema Barafu. "Mwambie mjomba aje na randa yake."