Cherehani na Kobe

Hivi wewe unayesoma, umewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu tu anatembea polepole?

Cherehani alimwonea mdogo wake. Jina hilo alipewa na babu yake, fundi nguo, kwa kuwa binti huyo miguu na mdomo wake havikujua kutulia. Kila asubuhi kabla ya shule alifagia vipande vya kitambaa chini ya meza ya kukatia, akamtungia babu uzi kwenye sindano, kisha akatoka mbio. Mdogo wake, waliyemwita Kobe, wakati huo bado alikuwa anatafuta soksi ya pili.

Kisha babu akapasuliwa moyo. Alirudi nyumbani na kovu refu kifuani kama mshono wa koti, na mashine yake ikafunikwa shuka. Mtaalamu wa mazoezi kutoka hospitali alikuja kumfundisha mazoezi ya zamani ya Wachina: kusimama wima, kuinua mikono taratibu huku ukivuta pumzi, kuishusha huku ukiitoa. Alionya kwamba mfupa wa kifua ulikuwa bado unaunga, mikono isirushwe wala kupanuliwa mno. Babu alihitaji mtu wa kusimama mbele yake amfuatishe. Cherehani alijitokeza hata kabla ya kuulizwa. Mtaalamu akawajaribu wote wawili, akamchagua Kobe.

Tangu hapo Cherehani akawa na donge rohoni. Alifagia chumba kisichokuwa na hata uzi, huku akiwasikia wale wawili barazani wakipumua kana kwamba wana kifua kimoja. Alimwambia mama yao kuwa Kobe hafanyi mazoezi, anasinzia akiwa amesimama. Mama akajibu kwamba basi usingizi huo ni dawa, maana babu sasa anapanda ngazi mwenyewe.

Jumamosi moja Kobe alitumwa sabuni dukani, na kwa mwendo wake, nguo zingesubiri sana. Cherehani akaikalia nafasi yake. Walipofika kwenye zoezi la kuvuta upinde, ambalo babu hulifanya akiwa amebana viwiko karibu na kifua, yeye alipanua mikono, kushoto, kulia, haraka haraka, ili babu aone nani hodari. Babu hakutaka kumvunja moyo mjukuu wake, akamfuata. Mara akashika kifua, akaketi sakafuni, jasho likimtoka.

Mama alimpigia mtaalamu simu. Alipofika alipima mapigo ya moyo, akapapasa mfupa, akasema haujaachana, umevutika tu, babu apumzike. Kisha akamwita Cherehani, aliyekuwa amejificha nyuma ya mashine.

"Ukivuta nguo ambayo mshono wake haujakazwa, inakuwaje?"

"Inafumuka."

"Basi, mwanangu. Mdogo wako sikumchagua kwa kuwa anapendwa zaidi. Pumzi yake inaendana na ya babu. Mwenye wivu hukodolea macho nafasi ya mwenzake, asimwone mgonjwa aliye mbele yake."

Babu alipopata nafuu, walisimama watatu barazani: Kobe mbele, Cherehani kando yake, akijifunza kwenda taratibu ingawa miguu ilimwasha.

Siku shuka lilipoondolewa kwenye mashine, babu alimnyooshea Cherehani sindano na uzi, macho yake hayakuliona tundu. Alipokuwa akiutunga, babu akamwuliza kwa upole, siku ile alikuwa anataka nini hasa. Cherehani alivuta pumzi, akaitoa yote.

"Nilitaka na mimi unihitaji, Babu."