Lenzi Iliyofutwa kwa Sketi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye karakana ya mama yake, akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa kofia ya kufunika nywele, kisha akaketi kwenye kigoda karibu na mlango kufanya kazi za shule. Jina lake halisi lilibaki kwenye jalada la daftari tu. Watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mama yake alikuwa mbunifu wa lenzi za kamera ndogo. Mwaka mzima alikuwa akihangaikia lenzi moja, ya kamera ambayo muuguzi wa watoto angeitumia kutazama ndani ya sikio la mtoto mchanga. Kamera ya zamani ilikuwa na lenzi za kioo. Picha zilitoka safi, lakini ncha yake ilikuwa nzito. Mkono wa muuguzi ulichoka, ukatetemeka, mtoto akaumia.

"Nataka nyepesi," muuguzi alikuwa amemwambia mama, "lakini nisikose kuona hata mshipa mmoja."

Basi mama akachagua plastiki. Lenzi yake ilikuwa na upana wa punje ya dengu, na uzito wake haukufikia hata wa punje ya mchele. Kwa kuwa plastiki huchubuka upesi, aliipaka utando mgumu wa kuikinga.

Karakana hiyo ilikuwa na sheria isiyo na mjadala. Lenzi haiguswi kwa mkono, hushikwa kwa kibanio. Vumbi halifutwi, hupulizwa kwa kipulizo cha mpira.

Siku ya Jumatano, mama na Fundi, mzee aliyechonga kalibu za kumiminia lenzi, waliifuta lenzi mpya mara mia moja kwa kitambaa safi ili kuupima utando. Kesho yake wangeikagua, waifunge kwenye kamera na kuijaribu. Mara mzigo ukaletwa mlangoni, wote wawili wakatoka kuupokea. Lenzi ikabaki peke yake kwenye sinia dogo.

Chiriku akaiinamia. Akaona chembe ya vumbi. Kipulizo kilikuwa pale pale mezani, lakini nyumbani yeye ndiye aliyesafisha miwani ya bibi, tena kwa pindo la sketi, na bibi hakuwahi kulalamika. Akaishika lenzi kwa vidole viwili, akaisugua kwa sketi ya shule, ile ile aliyokuwa ameikalia mchangani wakati wa mapumziko. Akairudisha mahali pake. Mama alipoingia, alimkuta mwanawe ameinamia kitabu kana kwamba ana mtihani kesho.

Alhamisi, picha ilitoka na ukungu. Mistari myembamba ya karatasi ya majaribio ilikuwa imeshikana kama uji. Fundi aliiweka lenzi chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu.

"Mikwaruzo mitupu," alisema. "Utando umeshindwa, Mama Chiriku. Kama kitambaa safi kimeukwaruza hivi, muuguzi akiifuta lenzi kwa aproni yake itakuwaje?"

"Lakini nilipiga hesabu mara tatu."

"Hesabu ni yako. Mikwaruzo ni ya nani?"

Chiriku, kwenye kigoda chake, alifungua mdomo, kisha akauliza kama anaweza kwenda kunywa maji.

Jioni hiyo mezani hakusema neno.

"Jamani, redio imeisha betri?" kaka yake alimtania. "Mbona leo tunasikia hadi sauti ya vijiko?"

Chiriku hakucheka. Mama naye hakucheka. Alikuwa na sahani upande mmoja na karatasi za hesabu upande wa pili, na chakula kilikuwa kimepoa.

"Kula, mwanangu," mama alisema alipoona Chiriku amekaa tu. "Usinione hivi ukadhani umenikosea. Kosa ni langu. Nilijiona najua, kumbe sijui."

Chiriku akaisukuma sahani yake kando. Angepigiwa kelele, angevumilia. Maneno hayo hakuyaweza.

Ijumaa, saa nane mchana, aliingia karakanani akamkuta mama anamwandikia muuguzi barua. Alisimama nyuma yake akaisoma kwenye kompyuta: Samahani, lenzi nyepesi imeshindikana. Tunarudi kwenye kioo.

"Mama, usiitume."

"Kwa nini?"

"Niliifuta mimi. Jumatano, mlipotoka. Niliifuta kwa sketi."

Mama aligeuza kiti taratibu. Aliitazama sketi, kisha akamtazama mwenye sketi.

"Sketi hii hii? Yenye mchanga?"

"Ndiyo."

"Na jana tulipokuwa tunaangalia mikwaruzo, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilitaka kusema, mama. Nikaogopa."

"Futa machozi. Mwite Fundi, umwambie mwenyewe. Mimi sikusemei."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote, ingawa Fundi alikuwa chumba cha pili tu. Alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Mchanga unakwaruza hata kioo, mjukuu wangu," alisema. "Kumbe nimeutukana utando wa watu bure."

Wakachukua lenzi nyingine iliyopakwa utando ule ule. Mama akaifuta kwa kitambaa safi, Chiriku akahesabu kwa sauti, moja hadi mia moja, bila kuruka. Fundi akaiweka chini ya hadubini na hakuona mkwaruzo. Walipoifunga kwenye kamera, kila mstari ulisimama peke yake, mwembamba kama unywele. Mama akaifuta ile barua, akaandika nyingine: kamera itakuja, pamoja na kitambaa chake cha kufutia, na aproni isiikaribie.

Chiriku alikuwa bado amesimama karibu na mlango.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Sana," mama alijibu bila kuzunguka. "Kuishika lenzi ulikuwa utoto wa dakika moja, na hilo ningekufundisha, yakaisha. Lakini tangu jana ulikuwa ukinitazama nikijilaumu kwa kosa lako. Lenzi ikiwa na kasoro, naitafuta naiona. Mtu akinificha ukweli, nitarekebisha kitu kizima na kukiharibu. Kidogo tu, na watoto wale wangeendelea kuumizwa masikio kwa sababu ya ukimya wako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka."

"Nitasema."

"Haya. Leo umesema kabla barua haijaondoka, na hilo nimeliona. Sasa kanawe mikono uje. Nataka ujifunze kushika kibanio."