Usiguse Dripu ya Emelyne

Emelyne wa Usevya aliumwa baridi yabisi. Asubuhi vidole vyake vilikakamaa kama miguu ya kuku aliyechinjwa jana. Mumewe, Telesfori, ndiye aliyesonga ugali. Ulikuwa na mabonge, lakini mgonjwa hachagui.

Kinga ya mwili wa Emelyne ilikuwa inashambulia viungo vyake mwenyewe. Katika hospitali moja mjini Mpanda alianzishiwa dawa ya dripu ya kuituliza. Dripu ya kwanza ilipita salama. Siku ya dripu ya pili, Telesfori hakutulia.

"Matone haya yanatembea kama konokono," alisema. "Gari la Usevya litatuacha, na mpunga unangoja maji."

"Nesi kasema tusiguse, Baba Rosine."

"Nesi analima? Mimi nafungulia maji majaruba ya mpunga tangu sijaota ndevu."

Nesi alipokwenda kwa mgonjwa mwingine, Telesfori akasokota kigurudumu cha mrija. Matone yakakimbia. Akakaa, ameridhika kama mtu aliyekwisha kuvuna.

Emelyne akaanza kuwashwa shingo. Akanyamaza. Kwao mwanamke husifiwa kwa kuvumilia. Kifua kikabana. Akanyamaza tena. Kisha akatetemeka mpaka meno yakagongana.

"Sista, njoo," Telesfori aliita. "Mke wangu anakufa."

Nesi Kauthar alifunga dripu, akamwita daktari. Emelyne alichomwa sindano, akawekewa oksijeni. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Telesfori aliegemea ukuta.

Mgonjwa alipotulia, Kauthar aliuliza, "Nani kafungulia hii?"

"Mimi."

"Mzee, mkeo si jaruba. Dawa hii ikiingia haraka, mwili unaweza kuikataa. Hata polepole unaweza, ndiyo maana tunakaa karibu. Na wewe mama, ulianza lini kujisikia vibaya?"

"Mapema. Niliona aibu kukusumbua."

"Nisumbue. Ukiwashwa, ukitoka vipele, ukihisi baridi, kizunguzungu au kifua kubana, sema palepale. Maiti hasumbui mtu. Sisi tunawataka wanaosumbua."

Dripu ile haikuendelea. Wiki zikapita, vidole vikakakamaa zaidi. Telesfori akawa anamvisha mkewe nguo. Mwishowe daktari alimpima, akasema wanaweza kujaribu tena, kwa uangalifu.

Safari hii Kauthar alimuuliza Emelyne kwanza kama ana homa au kikohozi. Akampima presha, akampa vidonge vya kupunguza hatari ya mwili kuikataa dawa. Dripu ikaanza polepole. Telesfori alikalia mikono yake.

Saa ya gari ilipokaribia, Emelyne akasema, "Sista, shingo inawasha."

Telesfori akafumba macho.

Kauthar akasimamisha dripu, akamwita daktari. Kuwashwa kulipoisha, wakaianza tena, polepole kuliko mwanzo. Ilipokwisha, wakaambiwa wasubiri, Emelyne aangaliwe. Vidole vingelegea taratibu, daktari alisema. Gari likaondoka bila wao.

Kesho yake walipanda lingine. Emelyne alikaa kitini karibu na dirisha. Angeweza kurudi nyumbani amelazwa kwenye sanduku, na Telesfori alilijua hilo njia nzima.