Kivuli cha Renatha Juu ya Kishanda

Kyaruzi ni jirani yetu hapa Nyanga, fundi wa kupiga picha. Harusi na ubatizo hataki kuvisikia; yeye hupiga nchi. Kiangazi kikikaza huenda Muleba, juu ya Kishanda, kwenye rweya, ile nyika ya mawe na nyasi kavu isiyo na mgomba hata wa dawa. Hapo husubiri jua la jioni lipake kila kitu dhahabu. Wenye mahoteli huzigombea picha hizo, mradi pasiwe na mtu ndani yake.

Mkewe, Renatha, ndiye aliyembebea vyombo. Jua likiwa mgongoni, vivuli hurefuka mpaka mbele ya kamera, na Kyaruzi alikuwa na neno moja tu: "Renatha, toka, unaniharibia." Naye huitika "Waitu," kwa heshima ya Kihaya, akatoka. Miaka yote hiyo, jamani.

Mwezi wa tano Renatha aliugua ghafla akafa. Ikatafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Nyumba nzima ya mpiga picha haikuwa nayo. Wakakuza ile ya kitambulisho cha kura, uso ukatoka ukungu mtupu. Mama mkwe, Ma Adventina, alimwomba jambo moja tu: "Nitafutie picha ya mwanangu, hata ya mgongo." Kyaruzi alipekua picha zake zote. Hakuna. Majuto ni mjukuu, nayo yalimla kwelikweli.

Mwezi wa saba alirudi Kishanda peke yake, kwa kuwa mfiwa naye hula. Alipiga picha ya kwanza, akaitazama kwenye kioo cha kamera. Vivuli vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa na fundo la kilemba.

Akageuka. Hakuna mtu.

Mimi ningekimbia. Kyaruzi hakukimbia, alikuwa akimtaka mkewe.

"Renatha," alinong'ona, "ingia kwenye picha."

Akapiga tena. Kivuli kilikuwa kimesogea pembeni. Akapiga. Kiwiko tu. Alikuwa anatoka, kama alivyofundishwa.

"Usitoke. Nakuomba, mke wangu."

Akapiga. Nyasi tupu.

Upepo ulikuwa umekufa. Nyuma yake, upande wa jua, nyasi zilisikika zikikanyagwa. Taratibu. Zikasimama.

"Waitu."

Akageukia jua. Lilimpofusha. Machozi yalimjaa, akafumba macho, akabonyeza. Alipofumbua, jua lilikuwa limezama na nyika ilikuwa kimya.

Kesho yake alizifungua picha mbele ya Ma Adventina. Wakafika ya mwisho. Hapakuwa na jua wala nyika. Alikuwemo Kyaruzi mwenyewe, amemulikwa dhahabu, macho kayafumba, machozi yanamtiririka. Imepigwa kutoka mbele yake, kwa karibu, mahali ambapo mtu angesimama kumwangalia mumewe. Kamera anayo moja tu, na pichani ameishika mikononi.

Ma Adventina aliisogelea.

"Nilikuomba mwanangu, mkwe," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona umeniletea wewe?"

Kyaruzi akalia kama mtoto. Hata hivyo mama yule aliitaka picha, ikachapishwa. Ameitundika sebuleni, mahali alipokuwa amemwachia Renatha nafasi.