Miguu Iliyochorwa kwenye Karatasi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, binti yangu Aurélie alichota maji kwenye bomba la nyumba ya watoto, hapa Kasongo. Sisi ni majirani wa nyumba ile. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama Clémentine, mlezi wa watoto, aliuruhusu mtaa mzima kuchota, mradi mtu asilete ugomvi kwenye foleni.

Watoto ishirini na mmoja waliishi pale. Wengi walitoka upande wa Kabambare, ambako vita viliwaua wazazi wao. Marafiki fulani wa Ubelgiji walisaidia kuwalisha na kuwasomesha: mchele, maharagwe na mafuta kila mwezi, pamoja na karo na madaftari. Mwaka huo shule ilianza kuwarudisha nyumbani wanafunzi waliokuja bila viatu, basi marafiki wale wakasema watatuma viatu pia. Ili viatu viwatoshe, Mama Clémentine alitandika karatasi chini, mtoto akakanyaga, yeye akapitisha kalamu kando ya mguu, kisha akaandika jina la mtoto ndani ya mchoro.

Siku ya Ijumaa Aurélie aliona kazi hiyo. Ndala zake zilikuwa zimekatika, nami nilikuwa nimezifunga kwa waya. Aliweka bidoni lake la maji chini, akaingia kwenye foleni nyuma ya Nadine, msichana wa nyumba ile aliyesoma naye darasa moja.

Zamu yake ilipofika, Mama Clémentine alimwangalia kwa huruma. "Aurélie, mwanangu, wewe uko na mama na baba. Viatu hivi ni vya watoto wa humu tu. Usinikasirikie."

Nadine akaangua kicheko. "Aurélie anataka kuwa yatima. Twende kwanza tukamzike mama yake, halafu arudi kwenye foleni."

Watoto wote wakacheka. Aurélie akabeba bidoni na kuondoka, macho yamejaa machozi.

Jioni ile tulikuwa wanawake wengi bombani. Jirani yetu Emilienne akauliza, "Ile miguu ya watoto wanaichora ya nini?"

Aurélie akajibu upesi, "Wanaipeleka Ulaya. Mzungu anachagua mguu, halafu mutoto anafuata."

"Nani amekuambia?"

"Héritier amekwisha kwenda. Mumemuona wiki hii?"

Kweli, hakuna aliyekuwa amemwona. Lakini Aurélie alijua vizuri kwamba Héritier, mmoja wa watoto wa nyumba ile, alikuwa Nyangwe kwa bibi yake mgonjwa. Alikuwa amempungia mkono mwenyewe siku alipopanda pikipiki.

Mimi mama yake sikujua. Nilienda na neno lile moja kwa moja hadi soko la jioni, pamoja na mihogo yangu. Niliwaambia wanawake wawili tu. Kwa yule wa pili nilisema wameuzwa watoto watatu.

Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, watu walijaa barabarani na fimbo na mawe, nami nikatoka nje na Aurélie. Mbele alikuwa Salomon, mwendesha pikipiki. Salomon alikuwa amempoteza binti yake walipokimbia vita kutoka Wamaza, na hadi leo hajui kama ni mzima au amekufa. Alipiga geti kwa teke. "Mutoto wangu iko wapi?" aliuliza. "Pengine na yeye mulimuuza."

Mzee Ibrahim, mlinzi, alijaribu kuwazuia. Tofali likampiga kichwani, akaanguka, damu ikamwagika shingoni hadi kwenye shati. Mawe yakanyesha juu ya mabati. Ndani watoto walilia na kujificha chini ya vitanda, kwa maana wengine walikuwa wamekwisha kusikia kelele kama zile huko kwao. Watu wakabeba magunia ya mchele. Wengine wakamwaga mafuta ya kupikia sakafuni, wakalichoma ghala la chakula.

Mama Clémentine walimtoa nje wakimvuta kwa nywele. Mtu mmoja alimpiga kwa mchi wa kutwangia. Nilisikia mkono wake ukivunjika, sauti kavu kama kuni. Mwingine akaleta tairi kuukuu na chupa ya petroli. Hakuna aliyeuliza tairi ni ya nini.

Aurélie alinishika kanga. "Mama, nilisema uongo. Hakuna aliyeuzwa."

Nilimfunika mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Watakuua wewe."

Ndiyo, nilifanya hivyo. Mwanamke asiye na kosa alikuwa karibu kuchomwa moto, nami nikamziba mtoto wangu mdomo. Aurélie aliniuma mkono, nikamwachia, akakimbia akipita katikati ya miguu ya watu. Alijitupa juu ya Mama Clémentine. Fimbo iliyokuwa inashuka ikampata yeye begani.

"Héritier iko Nyangwe," alisema huku akilia. "Iko kwa bibi yake. Nilisema uongo kwa sababu walinicheka."

"Wamekufundisha kusema hivyo," Salomon akamjibu, akamvuta kwa gauni ili amtoe.

Hapo ndipo miguu yangu ilipoamka. Niliingia katikati yao. "Huyu ni mtoto wangu, baba, mwache. Na mimi nilisema sokoni kwamba ni watoto watatu. Hakuna aliyenipa hesabu hiyo. Niliitunga mwenyewe."

Mama Clémentine akainua uso wenye damu. "Élysée ndiye alimbeba mutoto kwa pikipiki," alisema polepole. "Ni mwenzako wa kazi, Salomon. Umupigie simu."

Salomon akatoa simu, akaweka sauti ya juu. Sote tukasikia. "Héritier?" Élysée alisema. "Iko hapa karibu na mto, anakula samaki na bibi yake. Kuna nini?"

Salomon aliketi chini kando ya ile tairi na kufunika uso wake. Wengine walianza kuondoka mmoja mmoja. Waliobeba magunia ndio waliotangulia.

Polisi walimchukua Salomon na aliyempiga Mama Clémentine kwa mchi. Mzee Ibrahim alishonwa nyuzi tisa. Watoto walikula ugali na sombe, yaani majani ya mihogo, isiyo na mafuta, mara moja kwa siku, kwa wiki tano, maana marafiki wa Ubelgiji waliogopa na kusimamisha msaada wote, hata karo. Aurélie aliandika barua kueleza uongo wake wote, nasi majirani tukaandika uongo wetu chini yake. Mwalimu Christophe aliitafsiri kwa Kifaransa, ikatumwa. Mtaa ulichanga mihogo na mabati. Salomon alipotoka kifungoni, alikuja bila kuitwa akaezeka ghala. Mwezi wa pili baada ya hapo chakula na karo vikarudi, viatu vikafika, na watoto wakarudi darasani.

Siku hiyo Mama Clémentine alituita, mkono ukiwa bado umefungwa. Nadine alimwomba Aurélie msamaha kwa kumcheka, na Aurélie akamwomba Mama Clémentine msamaha.

"Nimekusamehe," Mama Clémentine akamwambia. "Lakini sitakudanganya, mkono huu hautanyooka tena. Kuchekwa kunauma, najua. Ungekuja kuniambia kwamba umeumia, ningemwonya Nadine, basi. Wewe ulitoa uongo, ukaupeleka kwa watu wenye uchungu wao. Uongo ukitoka mdomoni huwezi kuuongoza tena. Ulipopata ujasiri wa kusema kweli, uliniokoa. Ushike huo ujasiri, na siku nyingine uutumie mapema."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Aurélie? Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Swali hilo ninalibeba hadi leo. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, watoto. Ukisikia neno la kutisha juu ya mtu, mwendee mwenyewe umuulize, kabla hujalipeleka kwa mwingine. Mimi siku ile nilitembea nusu saa hadi sokoni. Kwa Mama Clémentine zilikuwa hatua ishirini.